Nilijenga Ukuta Katikati ya Nyumba ya Mkopo

Mama Nabwire,

Pokea salamu zangu kutoka Kawangware 46, hapa Nairobi, na kabla sijaomba msaada wako nataka ujue unaandikiwa na mtu wa aina gani, kwa sababu wengi wanaokuandikia hapo gazetini ni watu wamelemewa na maisha na mimi si mmoja wao. Naitwa Mbithi, fundi wa mawe. Shule niliacha darasa la saba, lakini nimejenga Mombasa, nimejenga Arusha, nimejenga Kampala kwa tajiri mmoja aliyenilisha kuku wiki nzima ili nisikumbuke kurudi kwetu, na ukipanda juu ya tangi ya maji hapa 46 ukaangalia chini, nusu ya kuta utakazoona zimepitia mkono huu unaoandika. Timazi yangu haijawahi kudanganya mtu. Nacheka na kila mtu, watoto wa majirani wakiwa na njaa wanakula kwangu, na hata wewe siku ukitaka kujenga nitafute, nitakufanyia bei ya dada. Sasa nisikilize.

Kuna nyumba za mpango hapa nyuma ya 46, zile za mawe zenye paa nyekundu. Zikijengwa mimi ndiye nilikuwa foremani, na zilipokwisha, ile sosaiti ya mikopo iliyokuwa inaziuza ikasema hata sisi wajenzi tunaweza kukopeshwa bora mshahara uwe unakatwa kila mwezi, nikachukua moja, ile ya pembeni, ambayo mawe yake nilikuwa nimeyachagua mwenyewe kwa sababu moyoni nilishajua itakuwa ya nani. Kabla ya hapo tulikuwa Kibera, Laini Saba, chumba kimoja, mimi na mke wangu Wanza na binti yetu Kalondu niliyempa jina la mama yangu, na mvua ikinyesha tulikuwa tunasukuma kitanda kona hadi kona tukitafuta mahali hapavuji. Siku ya kuhama nilikodi mikokoteni miwili na vitu vyetu vilitosha mmoja tu, ule mwingine ulikuwa wa watu waone. Wanza anauza mapazia ya mitumba pale soko la Toi, na simnyimi haki yake, pesa ya kuingilia hiyo nyumba ilitoka kwa mapazia. Jina kwa karatasi ni langu peke yangu kwa sababu mwenye mshahara nilikuwa mimi.

Halafu dunia ikageuka. Riba ikapanda, ikapanda tena, kampuni iliyotuajiri ikafunga kazi na sisi wote tukaambiwa twende nyumbani, nikaanza kuzunguka na mwiko wangu nikitafuta vibarua kama kijana. Na mimi na Wanza tukaanza kukosana, kuna maneno ya mama fulani wa Makina, kule Kibera, ambayo si ya kuandika kwa gazeti, ikafika mahali Wanza akaenda kwa wakili kutaka talaka.

Sisi Wakamba wa hapa tuna chama chetu cha kuzikana na mwenyekiti ni Mzee Mutunga, mtu mzima, fundi wa viatu, neno lake halianguki chini. Nikamwita, wakaja wazee Jumapili baada ya kanisa, wakakaa kwa viti vyangu wakanywa chai yangu. Mzee Mutunga hakuuliza habari ya wakili. Aliuliza kama wale mbuzi wa ntheo, wale nilipeleka kwa kina Wanza ndiyo ijulikane ameolewa, wamerudishwa. Hawajarudishwa. Akasema basi hapa hakuna talaka, hapa kuna watu wawili wamechoshana, na kwetu Mwala mtu akichoshana na mke wake anamjengea nyumba yake hapo hapo ndani ya boma, kila mtu na moto wake, watoto wanapita katikati, na maisha yanaendelea.

"Wewe ni fundi," akaniambia. "Unashindwa na nini?"

Mama Nabwire, mimi siambiwi hivyo mara mbili. Boma sina, kiwanja cha pili sina, nina nyumba moja imebanana na ya jirani kama meno. Kwa hivyo nikajenga ukuta ndani. Wajerumani walikuwa wamebomoa ukuta wao kule Berlin, mimi nikajenga wangu. Niliusimamisha katikati ya ile njia ya ndani, kutoka mlango wa mbele hadi ukuta wa nyuma, mawe kamili, si mbao, si mabati, nikapiga plasta pande zote mbili, na hata leo ukiweka timazi hapo utaniheshimu. Upande wangu una sebule na chumba kidogo na mlango wa mbele. Upande wa Wanza na Kalondu una chumba kikubwa, jikoni na choo, nikawatobolea mlango wao wa nyuma. Mwisho wa ile njia kulikuwa na dirisha ambalo Kalondu alikuwa ameweka meza yake ya kusomea, na ukuta ulifika hapo ukaangukia dirisha katikati, na fundi haachi nusu ya dirisha, kwa hivyo nikaliziba. Wanza alisimama pale akiniangalia nikichanganya simenti, hakupiga kelele, alisema tu, "Mbithi, wewe hukuambiwa ugawe. Wewe unajua kujenga, kugawa hujui." Na Kalondu, ambaye ana mdomo wangu, alikuwa ananipitishia mawe kwa sababu alifikiri ni mchezo, akaniuliza, "Baba, ukimaliza tutakuwa majirani?" Nilicheka mpaka karai ikaniponyoka. Siku hizi nikikumbuka sicheki.

Tulipatana kila mtu alipie nusu yake kwa sosaiti. Lakini nikiangalia vizuri, yeye ana maji na choo, mimi nina nini? Mimi mwenye nyumba naenda kuomba choo kwa jirani yangu Obiero, na Obiero hana huruma, kila nikibisha anapaza sauti wapangaji wake wote wasikie, "Landilodi amekuja, mpisheni." Nikamwambia Wanza mwenye choo alipe zaidi. Yeye naye akasema mwenye mlango wa mbele ndiye alipe zaidi, kwa sababu sebule nimeikodisha kwa kinyozi na pesa ya kinyozi nakula mimi. Basi nikasema silipi mpaka alipe, naye akasema halipi mpaka nilipe, na tukakaa hivyo, kila mtu upande wake wa ukuta akingoja mwingine aone haya. Sosaiti haikungoja. Tangazo la mnada limebandikwa kwa geti langu, kila anayepita kwenda stage analisoma, na dalali anasema nyumba itauzwa mwisho wa mwezi ujao.

Sosaiti ilituma mtu wa kukadiria bei. Alikuja na viatu vizuri, akapima, akafika kwa ukuta akasimama. Akaniuliza hii ni nyumba ngapi. Nikamwambia ni moja, yenye mpangilio. Halafu akapiga magoti akaweka kidole kwa sakafu, na hapo, Mama Nabwire, nikataka ardhi inimeze, kwa sababu ule ukuta nilikuwa nimeusimamisha juu ya sakafu tu bila kuchimba msingi, nilikuwa na hasira na nilikuwa na haraka, na sakafu imepasuka chini yake na huo ufa umetembea hadi ukuta wa nje. Kibarua wangu angenifanyia hivyo ningemfukuza saa hiyo hiyo.

Sasa Wanza amepata mtu. Ni nesi mmoja anaitwa Aoko, ananunua mapazia kwake, ana pesa yake na yuko tayari kuinunua nyumba nzima kabla ya mnada, deni la sosaiti liishe na sisi tubaki na kitu kidogo cha kugawana. Lakini anataka ukuta utoke, ufa uzibwe, na sisi wote wawili tuweke sahihi. Wanza ameshakubali. Mimi nimekataa, kwa sababu nikiuza nitarudi wapi? Nitarudi Kibera, kwa vyumba vile vile nilivyotoka na mikokoteni miwili, watu wale wale wakiniangalia. Mimi niliyejenga hii nyumba. Kwa hivyo nina mpango wangu. Kuna benki itanikopesha nikiweka hati ya shamba la Mwala, nilipe malimbikizo ya sosaiti, nimpe Wanza kitu aende na kesi yake, mimi nibaki na nyumba yangu. Hati iko kwa jina la mama yangu, kwa sababu baba aliiacha kwake, na mama anakaa hapo na atazikwa hapo.

Nilienda kumwomba wiki jana. Nilijipanga njia nzima, nilikuwa na maneno ya kutosha kujaza kitabu, lakini hakukataa. Alisema hati iko kwa sanduku chini ya kitanda na ni yangu nikiitaka, ataweka kidole. Halafu akanimiminia chai, akauliza kitu kimoja tu.

"Huyo mtoto siku hizi anasomea wapi?"

Nikamwambia kuna balbu. Akarudi kuchambua maharagwe yake. Nilirudi Nairobi bila hati na sijui kwa nini sikuichukua.

Wanza anasema nijibu kabla ya Jumamosi, nesi hatangoja. Mzee Mutunga anasema mwanamume hauzi nyumba mke wake akiwa ndani, mbuzi hawajarudi. Obiero anasema niuze choo kwanza. Wewe unasemaje, Mama Nabwire? Nikaweke sahihi na Wanza nirudi kuwa mpangaji, au nikachukue hati kwa mama?

Wako,
Mbithi, fundi
Kawangware 46

*

Mbithi,

Nimecheka mara mbili nikisoma barua yako, kwa mkokoteni na kwa Obiero, kisha nikaiweka chini nikaenda kunawa uso. Bei ya dada asante, lakini kwa sasa sitaki ujenge kitu cha mtu yeyote.

Kwanza tumalize la mama yako. Hapana. Usirudi kuichukua hiyo hati, usitume mtu, usimwambie ailete. Umetaka kulipa mkopo uliokushinda kwa mkopo mwingine, huna mshahara, unaishi kwa vibarua na kodi ya kinyozi, na safari hii kitakachopigwa mnada ni mahali mama mzee analala. Unafikiri hakujua? Mama hakukunyima kwa sababu hajui kukunyima. Unaniambia hujui kwa nini hukuichukua. Mimi najua, na ndiyo maana bado nakuandikia kwa upole.

La pili ni Mzee Mutunga. Mheshimu, mwendelee kuzikana, lakini mambo ya nyumba hii yamemzidi. Alichosema ni kizuri kwa Mwala, ambako boma ni la ukoo na mtu akitaka jiko lingine anakata miti. Ulichosahau kumwambia, au uliona haya, ni kwamba nyumba uliyomkaribisha chai si yako bado. Ni ya sosaiti mpaka umalize kulipa. Umeweka ukuta kwa mali iliyo rehani, bila kumuuliza anayeishikilia, ukafikiri deni nalo litapata mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Sosaiti ina deni moja na jina moja, na jina ni lako. Habari ya mbuzi watazungumza wazee wa pande zote mbili kwa wakati wake. Dalali hataki kujua kama walirudi.

Sasa nikuulize jambo. Umenieleza mawe, plasta, timazi na mpaka viatu vya mtu wa kukadiria bei. Mama wa Makina ulimpa mstari mmoja ukasema si wa gazeti. Kwa nini Wanza alienda kwa wakili? Ukuta haukuja kwanza, Mbithi. Ulivunja kitu chumbani ukaenda kujenga kingine kwenye njia, ili watu wakija waone kazi. Sikuombi unieleze. Nakuambia tu kwamba Wanza hakwenda kwa wakili kwa sababu ya choo, na hata ukipata nyumba yote peke yako, hiyo sababu utaikuta imekaa sebuleni na kinyozi.

Na Wanza pia, kama anasoma gazeti hili pale Toi, nimnyooshee kidole. Mama, kukataa kulipa ili mwanamume aone haya ni kuchoma godoro ukiwa umelalia. Mlijua nyote wawili kwamba atakayebaki nje ni mtoto.

Basi sikiliza utakachofanya, na ukifanye kabla ya hiyo Jumamosi.

Mwambie Wanza umekubali. Mwambie mwenyewe, uzunguke mpaka mlango wake wa nyuma ubishe kama mgeni, usipige kelele ukutani. Mwende pamoja kwa sosaiti, nyote wawili, mkiwa mmevaa vizuri, mwonane na mtu wa mikopo uso kwa uso, mumwambie kuna mnunuzi na muombe mnada usimame mpaka mauzo yakamilike. Aoko aje na barua ya wakili wake kuonyesha pesa iko. Sosaiti haipendi mnada kama mnavyofikiri, kwenye mnada nyumba huenda kwa bei ya kutupa na wao pia hupoteza. Mpaka nyundo ya dalali igonge meza, bado mna haki ya kulipa deni na kuikomboa nyumba. Ikishagonga, hata mimi sina ushauri.

Kila mmoja awe na wakili wake, usitumie wa Wanza na asitumie wako. Kama huna pesa, kuna mawakili hapa mjini wanaosaidia bila malipo, uliza kanisani kwenu watakuelekeza. Kitakachobaki mkigawane kwa maandishi kabla pesa haijafika, si baada. Usijidanganye kwamba ni yako kwa sababu jina ni lako. Mapazia ndiyo yaliwaingiza kwenye nyumba hiyo, umeandika kwa mkono wako mwenyewe, na hakimu akisikia hivyo husikiliza. Mwache Wanza achague kwanza mahali atakapokaa na mtoto, karibu na shule yake. Kinyozi mpe notisi leo, na kodi yake ya mwisho uitumie kuziba ufa.

Halafu wewe nenda Kibera. Ndiyo, Kibera, kwa vyumba vile vile. Tafuta kimoja kisichovuja, na kama kinavuja, wewe ni fundi. Watakucheka siku chache, kisha mmoja atakuja kukuuliza utamjengea choo kwa bei gani, na wengine watasahau. Watu wa Laini Saba wana shida zao, hawana nafasi ya kukumbuka mikokoteni yako. Kodi ya chumba utaimudu. Na kuna kitu utapata hapo ambacho upande wako wa ukuta hauna: Kalondu akija kukutembelea, atapitia mlangoni moja kwa moja, hatazunguka ukuta.

Ukuta usilipe mtu akutolee. Utoe mwenyewe, pole pole, jiwe kwa jiwe, kwa sababu sakafu imeumia na wewe peke yako ndiye unajua ulivyousimamisha. Usigonge ukiwa na hasira, hasira ndiyo iliyoujenga bila msingi. Mtoto akitaka kukusaidia kubeba mawe, mruhusu, na akikuuliza swali, usimcheke. Mjibu.

Ukianza, anza pale penye dirisha.

Mama Nabwire